Mlevi Ameitwa S7

Mazsalaca, 6 Oktoba 1996

Evija,

Mimi mzima, baba mzima, paka kazaa tena. Salamu zimekwisha, sasa naanza kugomba.

Wiki sita tangu uhamie Rīga kwa shangazi yako, barua moja tu, na barua yenyewe ina Renāte mara tisa. Nimemhesabu. Renāte anakaa dawati moja na wewe. Renāte anajua Kiingereza. Baba yake Renāte ana kompyuta ofisini na kila Jumamosi mnaruhusiwa kuitumia. Renāte kakupeleka kula keki. Sasa mimi naambiwa yote hayo ili nifanye nini, nipige makofi? Mimi nilikuonyesha mti unaotoa lita saba za maji kwa siku moja. Muulize Renāte kama ana mti.

Haya, tuje kwenye kazi. Andiko letu la utafiti linatakiwa Rīga tarehe 31 Januari. Daftari la vipimo vya maji ya mibetula, ile miti yetu ya magome meupe, ninalo mimi, misimu miwili yote, miti kumi na miwili, na kila siku safu mbili: safu yako na safu yangu. Jana nimelifungua, bado linanuka moshi wa jiko letu, nikacheka peke yangu. Unakumbuka Mwalimu Austra alivyotufokea siku ya kwanza? "Jagi la kupimia halisomwi na mtu mmoja! Asome wa kwanza, aandike, anyamaze. Asome wa pili, aandike. Ndipo mlinganishe!" Na wewe kunyamaza ndiko kulikokushinda.

Nimeanza kuchapa sura ya vipimo kwa ile taipureta baba aliyoiokoa ofisi ya kolhozi, lile shamba la ushirika, ilipovunjwa. Herufi ya r imeganda, naipiga kwa ngumi. Pambizo ya kushoto sentimita tatu, mistari thelathini kwa ukurasa, namba chini katikati. Mwalimu Austra anapita na rula shingoni kama fundi cherehani.

Jambo la mwisho. Mwalimu katukumbusha darasani kwamba andiko litakaloshinda mkutano wa wanafunzi linamwingiza mwandishi wake chuo kikuu, idara ya biolojia, bila mtihani. Waandishi wakiwa wawili, nafasi ni moja, na anapewa aliyetajwa kwanza. Sikuulizi kitu. Nakukumbusha tu kwamba kemia mimi nina nne kati ya kumi, na mtihani wa kuingia idara ile nusu nzima ni kemia. Kwangu mlango ni huo mmoja.

Solvita


Rīga, 17 Oktoba 1996

Weee Solvita,

Mara tisa! Una kazi kweli wewe. Basi ningekuandikia nini, habari za tramu? Hapa darasani naitwa "yule wa shamba". Nikisema neno moja kwa lafudhi ya kwetu, dawati la nyuma linaangua kicheko. Renāte ndiye pekee aliyesogeza mkoba wake nikapata pa kukaa. Ndiyo maana namtaja. Hata wewe ungemtaja.

Shangazi Biruta mzima, ananilisha mbaazi za kijivu na nyama ya nguruwe mpaka sketi zimenibana.

Sasa sikiliza. Ukimaliza kuchapa sura yako, itume. Hapa maandiko yote yanatoka kwenye kompyuta, yamenyooka mistari kushoto na kulia, grafu zina rangi. Tukipeleka la taipureta yenye r ya ngumi watatuona washamba kabla hawajasoma neno. Renāte amekubali kutuingizia maandishi, anachapa kwa vidole vyote kumi bila kutazama. Mimi nitaandika utangulizi na hitimisho, nitachora grafu za joto na maji, nitapanga marejeo. Na usiandike "tuliona kwa macho yetu wenyewe". Renāte anasema kwenye sayansi macho hayatajwi.

Kuhusu nani atangulie: hilo niachie mimi. Siku yake ikifika utajua.

Msalimie baba yako, Mzee Kārlis. Mwambie nimeota ndoto ya keke yake ya kutobolea miti.

Evija


Mazsalaca, 3 Novemba 1996

Evija,

Nimekutumia sura ya vipimo, kurasa kumi na nne. Nimezichapa mara tatu. Ukurasa wa tisa una doa, ni sharubati ya baba ya zabibu nyeusi, usinilaumu.

Nimeweka kila kitu. Nimeeleza jinsi kila mti ulivyo, maana mtu akisoma "mti wa saba ulitoa lita nyingi" hajui kitu. Ni lazima ajue kwamba wa saba ni Mlevi, ameinama kuelekea mto tangu ile dhoruba, na kila msimu anaanza kutoa maji siku tatu kabla ya wenzake. Ajue kwamba Bahili yuko mita kumi tu kutoka kwake, mnene kuliko wote, na hatoi hata kikombe. Na Bibi Harusi, na Askofu, na wale Mapacha. Wewe ulicheka nilipowapa majina, lakini mwezi wa nne mwaka jana ulikuwa ukiwaamkia.

"Hilo niachie mimi." Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi kuliko sala. Nikuachie wewe, au nimwachie Renāte? Maana naona sasa nikiandika jambo, jibu linatoka kwake. Sitaki kukuficha, nina wivu. Nimemwambia baba, akasema wivu ni kama kuvaa kiatu chenye kokoto, mtu anakaa akakivua. Mimi nakaa lakini kiatu hakitoki.

Mwalimu Austra kateleza kwenye barafu ya kwanza nje ya kanisa. Mguu uko ndani ya plasta, hospitali Valmiera. Tumebaki mayatima.

Solvita


Rīga, 24 Novemba 1996

Solvita mwenzangu,

Pole kwa Mwalimu. Nimempelekea kadi na chokoleti.

Sura yako nzuri, nimecheka mpaka shangazi akagonga ukuta. Lakini imebidi tuikate. Kutoka kurasa kumi na nne zimebaki sita. Masharti yanasema andiko zima lisizidi kurasa thelathini na tano, na sura ya vipimo iwe vipimo. Na miti imebidi iwe S1 mpaka S12, yaani sampuli. Mlevi ameitwa S7. Najua. Usinirushie jiwe. Renāte anasema msomaji wa kamati akikutana na Askofu na Bahili atadhani anasoma hadithi za watoto, na hapo tumekwisha. Nilibishana naye saa nzima. Mwishowe nilikubali.

Muhtasari wa Kiingereza umetoka vizuri sana. Renāte kauandika wote.

Nitumie na daftari lenyewe, tafadhali, kwa posta ya rejesta. Kuna tarehe mbili sizioni sawasawa kwenye jedwali lako, na kamati inaweza kulitaka.

Evija


Mazsalaca, 8 Desemba 1996

Evija,

Wahenga walimaliza: asiyekuwepo na lake halipo.

Kurasa nane umezitupa. Miti yangu umeipa namba kama wafungwa. Muhtasari kaandika mtu ambaye hajawahi kuloanisha hata soksi moja msituni. Na sasa unataka daftari! Daftari likitoka hapa mimi nabaki na nini? Nabaki na baridi na taipureta.

Niambie ukweli. Sisi tulitembea kilomita nne asubuhi kabla ya shule, siku themanini na moja kwa misimu miwili, tukiwa na ndoo, theluji inaingia kwenye viatu vya mpira. Siku niliyoanguka mtoni ulinivua koti ukanivalisha lako. Nilidhani basi, huyu ndiye. Kumbe wewe rafiki yako ni yule uliyekaa naye dawati moja.

Daftari nimelituma. Sijui kwa nini nimelituma. Lisipofika mapema mtasema Solvita ndiye aliyechelewesha. Mtafurahi.

Solvita


Rīga, 22 Januari 1997

Solvita!

LIMEKWISHA! Kurasa thelathini na nne pamoja na viambatisho, pambizo nimezipima mwenyewe kwa rula, Mwalimu Austra angelia kwa furaha. Nakala moja imepokelewa kamati jana, siku kumi nzima kabla ya mwisho. Hii ni yako. Nimekuwekea na daftari, na karatasi ya masharti mapya, isome, mwaka huu wamebadilisha mambo. Naandika nimesimama, posta wanafunga dirisha.

Siku ya jina la Mzee Kārlis, sikukuu ya akina Kārlis wote, mwaka huu sitafika, nina mtihani wa kemia kesho yake. Mpe mkono wangu, na mnywe chupa ya maji ya mbetula yaliyochacha, ile ya zabibu kavu, mnywe na ya kwangu.

Evija

Renāte anakusalimia.


Mazsalaca, 29 Januari 1997

Evija,

Kifurushi kimefika. Ahsante.

Solvita


Mazsalaca, 29 Januari 1997

Kwa Kamati ya Mkutano wa Maandiko ya Wanafunzi, Rīga

Waheshimiwa,

Mimi ni Solvita Tauriņa, mwanafunzi wa darasa la kumi na mbili, Mazsalaca. Naandika kulalamika juu ya andiko mlilolipokea tarehe 21 Januari, lenye kichwa "Joto la masika na mtiririko wa maji katika mibetula kumi na miwili ya bonde la mto Salaca".

Mibetula hiyo niliichagua mimi. Mashimo alitoboa baba yangu. Vipimo vilichukuliwa na mimi pamoja na Evija Krastiņa, ambaye sasa anasoma Rīga, misimu miwili, na sura ya vipimo niliiandika mimi. Jana, siku ya jina la baba, wakati nyumba imejaa majirani, nilifungua nakala niliyotumiwa mbele ya wote ili baba alione jina langu. Halikuwapo. Ukurasa wa kwanza hauna jina langu wala la mtu yeyote, una namba tu, 0416. Sababu haihitaji darubini: waliolipeleka wameona haya kunionyesha majina waliyoyaandika kwenye nakala yenu. Nina hakika mojawapo ni la msichana aitwaye Renāte, ambaye hajui hata mbetula hutobolewa upande gani.

Baba aliniuliza, "Liko wapi?" Majirani walikuwa wakitazama. Nikasema liko ukurasa wa ndani.

Kikulacho ki nguoni mwako. Naomba mchunguze, na haki itendeke.

Wenu mtiifu,
Solvita Tauriņa


Rīga, 16 Februari 1997

Solvita,

"Kimefika, ahsante." Ndiyo barua hiyo? Hata paka hana habari? Au umekasirika kwa sababu sikuja siku ya jina? Nilipiga namba ya duka lenu nikuombe radhi, mama anayeunganisha simu akasema simu haivuki Valmiera kwa sababu ya theluji.

Nivumilie mwezi mmoja tu. Wasomaji wa kamati wanasoma sasa hivi, na tarehe 21 Machi, mkutanoni, bahasha zinafunguliwa mbele ya ukumbi mzima, jina la kwanza linasomwa kwa sauti. Nataka kukaa pale nikutazame uso. Nimekwisha kumwambia Renāte asikae kati yetu.

Vaa ile blauzi ya kijani.

Evija


Mazsalaca, 19 Februari 1997

Evija,

Bahasha gani?

Jibu haraka, nakuomba.

S.


Rīga, 20 Februari 1997

Kwa wanafunzi Solvita Tauriņa (Mazsalaca) na Evija Krastiņa (Rīga)

Yah: Andiko namba 0416

Kamati ilipokea lalamiko la tarehe 29 Januari kuhusu andiko lililotajwa hapo juu. Kwa kuwa lalamiko lilidai kwamba majina ya waandishi si ya kweli, kamati ililazimika kufungua bahasha ya siri iliyoambatana na andiko hilo. Ndani yake yamekutwa majina yafuatayo:

Mwandishi wa kwanza: Solvita Tauriņa.
Mwandishi wa pili: Evija Krastiņa.

Mlalamikaji na mwandishi wa kwanza ni mtu mmoja. Kamati haina la kuchunguza.

Hata hivyo tunawakumbusha kipengele cha 14 cha masharti ya mwaka huu: andiko lisiwe na jina la mwandishi, shule, wala mwalimu mahali popote, litambulike kwa namba tu, na iwapo jina la mwandishi litajulikana kwa kamati kabla ya kusomwa, kwa njia yoyote ile, andiko halitasomwa. Barua ya mlalamikaji iliyotaja kichwa cha andiko, jina lake na mahali pake ilifunguliwa katika kikao, wasomaji wote wakiwapo.

Andiko linarudishwa bila kusomwa.

A. Zvirgzda
Katibu wa Kamati


Rīga, 25 Februari 1997

Solvita,

Barua ya kamati na swali lako kuhusu bahasha vimefika siku moja.

Jibu unalo.

Evija


Mazsalaca, 9 Machi 1997

Evija,

Hii ni barua ya sita. Tano ziko ndani ya jiko.

Sina kisingizio, nitakuambia tu ilivyokuwa. Siku ile nyumba ilikuwa imejaa. Unajua siku ya jina ya baba, haalikwi mtu na hakosi mtu. Mama Skuja alileta keki ya mkate mzito, wale ndugu wawili wa kinu walikwisha kunywa. Mtu wa posta akaingia na kifurushi chako, na baba akapiga meza akasema, "Nyamazeni, hili ni la binti yangu." Nikafungua. Nikaona namba. Nikaona weupe mtupu pale jina langu lilipotakiwa kuwa. Damu ikanipanda, sikugeuza hata karatasi moja. Kifurushi chote, pamoja na masharti yako, nilikitia kwenye kisanduku cha kuni. Kesho yake asubuhi nikaandika kamati, na nilipokuwa nikiandika, Evija, nilikuwa nafurahi. Hilo ndilo linalonitia aibu kuliko yote. Nilikuona umesimama mbele yao huna la kusema, na Renāte pembeni yako, nikasikia raha.

Barua ya kamati ilipofika nilikwenda kwenye kisanduku. Kuni zilikuwa zimepungua, baba alikuwa amekiona kifurushi akakiweka juu ya kabati bila kuniuliza. Nikakaa jikoni nikasoma. Kwanza masharti. Kipengele cha 14 umekipigia mstari mara mbili kwa wino wa kijani, na pembeni umeandika "Solvita, hii!" Halafu nikasoma andiko, kurasa zote. Grafu zako ni nzuri. Sikujua kwamba Mlevi anaonekana hivyo kwenye karatasi, ule mstari wake unapanda siku tatu kabla ya mingine, peke yake, kama mtu aliyewahi karamuni. Nilidhani kukata kurasa nane ni kuniua. Kumbe bila maneno yangu mtu anaona.

Nikafika ukurasa wa thelathini na tatu. Kiambatisho cha tatu. Miti yote kumi na miwili, mmoja mmoja. S7, Mlevi. S2, Bahili. Mapacha. Askofu. Na chini, kwa herufi ndogo: "Majina ya miti yalitolewa na mtafiti wa kwanza, na yalitumika katika daftari la shambani kwa misimu yote miwili."

Mtafiti wa kwanza. Uliniandikia mahali ambapo sheria haikukatazi, na mimi nilikuwa nimelala juu ya kisanduku cha kuni.

Wanasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Mimi nimeingia, nimekuvuta na wewe, na ndoo juu.

Nimewaandikia kamati kuomba wakusome wewe peke yako, waniondoe. Wamejibu mistari miwili, hapana. Mwalimu Austra karudi shuleni na fimbo. Nilimweleza. Akasema, "Nilikufundisha jagi lisomwe na wawili. Karatasi ukaisoma peke yako." Akaniambia nitoke, ana kazi. Baba hakunigombeza. Yeye amesema tu, "Basi ni kemia," na kesho yake akaniletea kitabu kutoka maktaba ya Valmiera.

Mtihani ni Julai. Nimefungua ukurasa wa kwanza, sielewi. Sikuombi msamaha kwa barua, naona ni rahisi mno.

Solvita


Mazsalaca, 30 Machi 1997, Pasaka

Evija,

Sikutegemea jibu, na halikuja. Naandika kwa sababu ya kazi.

Mlevi ameanza Alhamisi. Wenzake wengi bado, ila mwaka huu wawili hawakusubiri siku tatu. Baba ametoboa mashimo kumi na mawili, urefu uleule, kimo kilekile, upande wa kusini. Nimefungua msimu wa tatu kwenye daftari. Hakuna mkutano, hakuna kamati, najua. Napima tu.

Alhamisi: S7, lita 1.2. Ijumaa: S7, 2.9, S4, 0.3. Jumamosi: S7, 4.1, S4, 1.0, S11, 0.6. Leo nimekwenda kabla ya kanisa, mayai ya Pasaka niliyoyachemsha na maganda ya kitunguu yakiwa mfukoni: S7, 5.5, mengine nimeandika ndani. Bahili sifuri, kama kawaida yake.

Safu ya kwanza nimeijaza. Ya pili iko wazi, siku zote nne. Baba alitaka kuijaza, nikamkatalia.

Solvita


Rīga, 6 Aprili 1997

Solvita,

Sijakusamehe. Tuelewane hapo kwanza.

Mwezi mzima nilikuwa nikikuandikia barua kichwani, ndefu, za matusi, nyingine nilizisema kwenye tramu mpaka watu wakahama kiti. Ulidhani ningeweza kukuibia Mlevi. Mimi! Nililia chooni shuleni, na Renāte ndiye aliyesimama mlangoni akiwazuia watu. Mtaje na hilo utakapomhesabu tena. Ndiye aliyeniambia jina lako litangulie. Nilipomwonyesha daftari alisema, "Huyu ndiye aliyefanya kazi, wewe umeipamba tu." Nilimkasirikia siku mbili kwa sababu ilikuwa kweli.

Na nikueleze jambo jingine kwa kuwa siku hizi tunaambiana ukweli. Wivu si wako peke yako. Wewe ulibaki na miti, na jiko, na Mzee Kārlis anayepiga meza akisema "binti yangu". Mimi nimepata kompyuta ya watu siku ya Jumamosi, kwa saa mbili tu. Kila ulipoandika "baba anasema" nilikuwa nahesabu mimi pia. Ulikuwa na kumi na moja.

Nimetazama vipimo vyako. Sitaweza kujaza siku nne nilizokosa, na wewe usithubutu kuzijaza kwa niaba yangu. Ziache wazi. Mtu akisoma ajue hapo mmoja hakuwapo.

Kuhusu kemia: umekwama ukurasa wa kwanza kwa sababu kitabu cha Valmiera ni cha zamani na mwandishi wake anachukia watu. Nimekutengenezea mazoezi arobaini, yamepangwa kuanzia yale ya kitoto. Usimwonyeshe mtu. Pambizo zake sikupima.

Barua hii usiitie kwenye kuni. Igeuze.

Evija

(Nyuma ya karatasi)

Jumamosi, basi la Valmiera, nafika saa nne na robo asubuhi. Niletee viatu vya mpira, vyangu vimenibana. Jagi usilisome mpaka nifike.